Kwa Nini Sikuruhusu Boksi Lile Lizimwe

Vijana wangu wa chumba cha mitambo,

Siku mliyoniaga mlinipa keki, shati la kitenge na saa ya ukutani. Nashukuru kwa vyote, ingawa saa sikuielewa, maana katika ukumbi ule mimi ndiye pekee niliyekuwa sina tena pa kuchelewa. Kisha Joyce, mliyemkalisha kwenye kiti changu, akaniomba niandike chochote kuhusu miaka yangu ya kazi. "Hata kurasa mbili tatu, mzee, tusianze kila kitu upya." Hati ya makabidhiano nilikwisha kuiandika: waya upi unaenda jengo lipi, funguo za mnara ziko kwa nani, ruta ipi hupona ukiizima na kuiwasha. Hii ni nyingine. Vyeo na mishahara sitavigusa, havitoshi kujaza ukurasa. Nitaeleza kwa nini nilikuwa mkali juu ya boksi moja, lile jeusi la chini kabisa kwenye kabati, mpaka mkaniita Baba Boksi mkidhani sisikii.

Chuoni niliingia kama fundi umeme, kijana wa Igalula mwenye bisibisi mbili na kipimia umeme cha kuazima. Kompyuta zilikuwa chache na zilikaa kwenye chumba kimoja chenye mapazia mazito, na kabla ya kuingia ulivua viatu kama unaingia msikitini. Mwenye chumba alikuwa Maganga, mtu wa Bukene, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha usogee umsikie. Alinizidi miaka mitano hivi. Siku ya kwanza hakunionyesha kompyuta. Alinipandisha darini, nikatambaa juu ya mavi ya popo nikivuta waya kutoka ofisi ya mkuu hadi maktaba, na niliposhuka, mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi, akaukagua mwisho wa waya na kusema, "Umeupinda sana kwenye kona ya tatu. Rudi."

Nilirudi. Ndivyo nilivyofundishwa kazi hii, kwa kurudi darini. Alinifundisha kupanga nyaya nane ndogo kwa rangi zake, kuzikata sawasawa na kuzibana kichwa kwa koleo, kisha kupima kabla ya kujisifu. Koleo lile alilifunga mpini kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na hakuna aliyeruhusiwa kuliazima, hata mimi, mpaka mwaka wa tatu. Aliponipa, alilisukuma tu mezani tukiwa tunakunywa chai. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu kama mtu aliyepewa shamba.

Miaka ikapita, waya wa mkongo ukafukiwa kuifuata reli, na sisi wa Tabora tukaambiwa tumeunganishwa na dunia. Maganga alicheka. Alisema njia ile ile walipita wapagazi na pembe za ndovu, wakapita watu wamefungwa minyororo, ikapita reli, na leo inapita mitihani na picha za harusi. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi, na Maganga alikuwa na tabia ya kueleza mambo ya mitambo kwa habari za misafara. Wengine walichoka nazo. Mimi nilizipenda.

Ulipokuja ule mtandao wa pamoja wa vyuo, hivyo ndivyo alivyonieleza. Nyinyi mmezaliwa nao, lakini sisi ulitushangaza. Mwalimu wa Tabora anakwenda chuo kingine, mbali, anafungua simu yake, na waifai ya kule inamkubali kwa jina na paswedi ya hapa kwetu. Nilimuuliza Maganga wale wa kule wameijuaje paswedi yetu.

"Hawaijui," alisema. "Na wasiijue. Msafara ukifika kambi ya ugenini, mpagazi haulizwi siri zake. Anaulizwa ni mtu wa mtemi gani. Basi na hawa wanamuuliza mgeni kwao ni wapi, halafu wanatuma ujumbe huku kwetu: huyu mnamjua? Sisi tukiitika, anapewa maji. Tukinyamaza, analala kiu."

"Na sisi tunaitika kwa kutumia nini?"

Akaligonga boksi jeusi kwa kidole. "Hili."

Kuna desturi moja ya chuo chetu ambayo lazima niieleze, maana bila hiyo hamtaelewa kosa langu. Radi za Tabora mnazijua. Mwaka mmoja radi ilipiga jengo la utawala wakati wa likizo, ikaunguza mashine tatu pamoja na matokeo ya muhula mzima, na watu wazima wakalia. Tangu hapo ikawa sheria isiyoandikwa: Ijumaa ya kufunga chuo kila fundi anapita chumba hadi chumba akichomoa kila kitu ukutani. Ulikuwa ustaarabu wetu. Fundi aliyechomoa vizuri alisifiwa kama mama aliyefunika chakula. Maganga naye alichomoa, ila boksi la kuitikia hakuligusa. Alilitafutia betri yake na kinga yake ya radi, na juu yake akabandika karatasi: USIZIME HATA CHUO KIKIWA KITUPU. Chini yake, kwa herufi ndogo: hasa chuo kikiwa kitupu. Maana watu wetu wakiwa hapa, sisi wenyewe tunawaona. Wakishaondoka ndipo wanapohitaji kujulikana huko waliko.

Nililijua hilo. Ningeweza kulifundisha, na nililifundisha.

Maganga alianza kuumwa akiwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Ilikuwa tumboni. Kwa miezi alikuwa akishika ubao wa meza na kungoja maumivu yapite, huku akijifanya anasoma kitu kwenye skrini. Aliniambia mimi tu, na akaniapisha nisimwambie mkewe. Mama Kulwa alikuja kujua siku barua ya rufaa ya hospitali ilipodondoka kwenye mfuko wa koti. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi pale mtaa wa Kanyenye, wamelea mapacha, Kulwa na Doto, wamemzika Doto akiwa mdogo. Hawakuwa watu wa kugombana. Siku ile waligombana mpaka jirani akazima redio.

"Shemeji Elia anajua," alimwambia mumewe mbele yangu. "Mtu wa kazini anajua, mimi ninayekufulia mashati sijui. Haya, nenda na huyo anayejua."

Maganga naye, mkaidi alivyokuwa, akasema atakwenda peke yake. Alfajiri ya safari nilimpeleka stendi mimi. Mama Kulwa hakutoka chumbani. Njia nzima Maganga alikuwa akigeuka nyuma, nami nikajifanya naangalia barabara.

Hospitali ilikuwa mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi, hospitali ya kufundishia madaktari, na chuo chao kilikuwa ndani ya mtandao wetu wa pamoja. Ijumaa asubuhi akanipigia simu kwa mkato. Alikuwa anahamishiwa wodi ya chini ya ardhi, upasuaji ungekuwa Jumatatu.

"Huku chini simu haishiki kabisa, Elia. Kuta nene, na nikishalazwa sitaruhusiwa kupanda tena juu. Lakini waifai ya chuo ipo, nimejaribu hapa ngazini imenikubali kama niko ofisini. Sasa sikiliza. Mwambie Mama Kulwa, Jumapili akitoka misa akae na simu ya Kulwa. Nitampigia ile ya kuonana uso. Nataka anione kabla hawajanipasua. Mwambie nimesema hivyo, nataka anione."

Nilikwenda Kanyenye mchana ule ule na kufikisha ujumbe. Mama Kulwa alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso, ila aliuliza, "Baada ya misa ya kwanza au ya pili?" Nikasema sijui, akae tu. Akasema atakaa. Nilipotoka nilimsikia akimwita Kulwa na kumuuliza kama simu yake ina chaji.

Hiyo ilikuwa saa nane. Saa kumi nilirudi chuoni kufunga, maana ndiyo ilikuwa Ijumaa ya likizo. Upande wa mashariki mbingu ilikuwa nyeusi tititi. Wiki iliyotangulia radi ilikuwa imeua mashine ya jirani yetu wa idara ya mitihani, na nilisemwa kikaoni kana kwamba mimi ndiye niliyeitupa. Mahindi yangu Igalula yalikuwa yanangoja palizi na gari lilikuwa linaondoka. Nikapita chumba hadi chumba nikichomoa. Nilipofika kwenye kabati nilisoma ile karatasi. Siwezi kusema sikuiona. Kinga ya radi ilikuwa imelegea tangu mwezi uliopita na nilikuwa naahirisha kuibadilisha, basi nikajisemea kwamba boksi likiungua tutakaa mwezi mzima bila kitu, na chuo kiko kitupu, nani atauliza? Nikachomoa. Nikatoa na waya wa betri yake. Mkono uliochomoa ni huu huu uliokuwa umeshika simu asubuhi Maganga akiniambia imenikubali kama niko ofisini. Nimejiuliza mara nyingi mtu anawezaje. Jibu sijalipata, ila najua anaweza.

Mvua haikunyesha. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, hata tone.

Jumapili saa sita mchana nikiwa shambani Kulwa alinipigia. "Baba mdogo, shikamoo. Mama anauliza, mbona baba hapigi?"

"Marahaba. Labda madaktari wamemkataza simu," nilisema. "Kabla ya upasuaji huwa wanakataza. Mngoje."

Nikakata, nikaendelea na jembe. Alinipigia tena saa kumi na moja, sauti imebadilika, nikamjibu yale yale. Fundi wa mtandao wa miaka yote ile, naulizwa kwa nini mtu hapatikani, na sikufikiri hata mara moja kuangalia upande wangu.

Jumatatu nilikuwa chuoni saa mbili asubuhi, maana sisi mafundi hatukuwa na likizo. Nikachomeka. Haikupita nusu saa simu ikalia. Alikuwa Rehema, fundi wa chuo kile cha hospitali, binti niliyemjua kwa sauti tu.

"Shikamoo mzee. Poleni, mlikuwa na shida ya umeme? Kwenu kulikuwa kimya tangu Ijumaa jioni. Kuna mtu wenu mmoja hapa wodini amejaribu kuingia mara kumi na saba, nasi tunawauliza nyinyi, hamjibu. Nimekutumia orodha."

Nilifungua orodha. Jina la Maganga lilikuwa limepangwa kwa safu, moja chini ya jingine, na saa pembeni. Jaribio la kwanza lilikuwa Jumapili saa tatu na dakika hamsini. La mwisho lilikuwa asubuhi ile ile, saa kumi na mbili na dakika arobaini. Nilimuomba Rehema ashuke wodini amuone. Alishuka mbio, nilimsikia anavyohema ngazini, kisha simu ikakatika kwa sababu ya zile kuta. Alipopanda tena aliniambia Maganga ameshaingizwa chumba cha upasuaji.

Hakuamka. Alifariki Jumanne.

Tulimzika Bukene, kwa wazazi wake. Nilisafiri na treni ya Mwanza pamoja na watu wa chuo, na orodha ile nilikuwa nimeichapa, imo kwenye mfuko wa shati. Nilikusudia kumwambia mjane kabla ya ibada. Nilipomkaribia alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, macho makavu, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Shemeji, hakupiga. Nilikaa na simu mpaka jua likazama. Hakutaka kuniona." Wanawake wakaniangalia. Na mimi, mbele ya watu wa kazini, mbele ya mkuu wa chuo aliyekuja na koti jeusi, nikasema, "Pole sana shemeji." Basi. Hayo tu.

Kaburini alipoitwa kuweka udongo hakusogea. Padri akangoja. Kulwa akamshika mkono, mama akautoa mkono wake taratibu. Watu walinong'ona, na ndugu wa Maganga hawakumsamehe. Walisema mke aliyekataa kumsindikiza mumewe stendi amekataa kumsindikiza na huku. Hakwenda tena Bukene, hata siku ya kuweka msalaba. Nilisimama mita tatu kutoka kwake, na kitu cha kumfanya ainame na kuokota udongo kilikuwa mfukoni mwangu.

Tangu hapo mmenijua mlivyonijua. Niliomba boksi liondolewe kwenye umeme wa jengo, lipewe wake, nikalifungia kinga mbili. Niliwaomba wenzetu wa chuo kingine watuitikie pale sisi tunaponyamaza, na ndiyo maana leo kuna boksi la pili ambalo hamjawahi kuliona. Kijana mmoja wenu aliwahi kulichomoa lile jeusi dakika mbili ili achaji simu, nikamfokea mpaka akatokwa na machozi. Nilimuomba radhi kesho yake, lakini sababu sikumpa. Sasa nimempa.

Kila Krismasi nilipeleka mchele na sukari Kanyenye. Kila Krismasi Mama Kulwa alinikaribisha kiti, akanipa soda, na kabla sijamaliza alisema kitu kimoja kwa maneno tofauti: kwamba Maganga aliondoka na hasira, kwamba mwanaume mpole akikasirika anakufa nayo, kwamba yeye alikuwa amevaa gauni la misa na kilemba kipya akingoja kuonwa. Nami nilisema bei ya mahindi imepanda, au mvua zimechelewa. Miaka sita. Nilijiambia nikisema nitapoteza kazi, na kwamba kusema hakumrudishi mtu. Ukweli ni kwamba nilipenda kuitwa shemeji katika nyumba ile, na nilijua nikisema sitaitwa tena.

Wiki mbili baada ya keki yenu nilikwenda. Haikuwa Krismasi, na mchele sikuubeba. Alishangaa kuniona.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hapana. Nina jambo la marehemu."

Nilimweleza kama nilivyowaeleza nyinyi, kwa maneno mepesi, bila mitambo mingi. Nikamwambia Maganga alipiga, na aliyemfungia mlango ni mimi. Nikatoa orodha. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Aliipokea, akaisogeza mbali na macho, kisha akanirudishia.

"Miwani sina. Nisomee."

"Zote?"

"Zote, Elia."

Nikasoma. Saa tatu na dakika hamsini. Saa tatu na dakika hamsini na tatu. Saa nne na dakika kumi. Kila nilipotaja saa aliitikia kwa kichwa. Kwenye saa sita na robo akasema, "Hapo nilikuwa nimemtuma Kulwa akupigie wewe." Kisha: "Endelea." Nikaendelea mpaka ile ya Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika arobaini.

"Hiyo ni ya asubuhi?"

"Asubuhi. Kabla hawajamchukua."

Akauliza, "Wewe ulijua lini?"

"Jumatatu ile ile."

"Kabla ya mazishi."

"Kabla ya mazishi, shemeji."

 Nilingoja anitukane, nilikuwa tayari kwa hilo, nililifanyia mazoezi njia nzima. Hakunitukana. Aliinyosha ile karatasi juu ya paja lake, akaikunja upya kwa mikunjo yake ya zamani, akaitia kifuani ndani ya gauni. Kisha akainuka na kunifungulia mlango, nami nikatoka.

Wiki iliyofuata Kulwa alinipigia. Alisema mama amepanda treni peke yake kwenda Bukene, amekataa kusindikizwa, na amebeba jembe dogo na kilemba kimoja kwenye mfuko. Nilimuuliza kama mama amesema neno lolote juu yangu. Kwa sababu ni binti mwenye adabu, akaniuliza kwanza habari za shamba, halafu akasema, "Hapana, baba mdogo. Hajakutaja."